Mwendo Hauwekwi Akiba: Kisukari na Shughuli za Kila Siku

Mtu anapoambiwa na daktari kwamba sukari yake imeanza kupanda na kwamba inampasa afanye mazoezi, mara nyingi akili yake hukimbilia viatu vya michezo, uwanja, saa nzima ya jasho, na siku maalumu ya juma ambayo hatimaye haifiki. Dhana hiyo huwakatisha tamaa wengi kabla hawajaanza, na papo hapo huwapa utulivu usio na msingi wale wachache wanaocheza mpira kila Jumamosi kisha wakaketi siku sita zinazofuata. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba, linapokuja suala la kuzuia kisukari, marudio ya mwendo yana uzito kuliko ukali wake, na kwa sababu hiyo kutembea, kupanda ngazi, kufagia, kubeba, kuinama na kuinuka vinastahili kuhesabiwa kuwa kinga yenyewe, wala si fidia ya mtu aliyekosa muda wa kufanya mazoezi ya kweli.

Kwanza tuweke mipaka. Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale mfumo wa kinga unaposhambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, yaani homoni inayoondoa sukari katika damu, na hakuna kutembea kunakoweza kukizuia. Mzazi wa mtoto mwenye aina hiyo asibebeshwe lawama kwamba mtoto hakuchezeshwa vya kutosha. Kinachozungumzwa hapa ni aina ya pili, ambayo ndiyo inayowapata zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wote. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani, wenye umri wa kati ya miaka 20 na 79, walikuwa na kisukari, na kwamba zaidi ya wanne katika kila kumi kati yao hawakuwa wakijua. Aina hii haimvamii mtu kwa usiku mmoja. Kwa miaka kadhaa misuli na ini hupunguza mwitikio wao kwa insulini, kongosho nalo hufidia kwa kuzalisha insulini nyingi zaidi, mpaka linapochoka na sukari kuanza kupanda bila kushuka. Miaka hiyo ya katikati, ambapo mtu hajisikii mgonjwa hata kidogo, ndiyo nafasi ya kuzuia.

Tumtazame mtu aliyemaliza kula na kubaki kitini. Glukosi, yaani sukari itokanayo na chakula, inaingia katika damu, kongosho linaihisi na kutoa insulini, na insulini inazifikia seli za misuli, ambazo ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya sukari ambayo insulini huiondoa katika damu. Ndani ya seli hizo kuna protini za kusafirisha glukosi, ambazo wataalamu huziita GLUT4. Muda mwingi hukaa ndani, na hupanda hadi kwenye utando wa seli pale insulini inapotoa ishara. Kwa mtu ambaye mwili wake umeanza kuwa sugu kwa insulini, ishara hutolewa lakini protini chache tu ndizo zinazopanda, kwa hiyo sukari huendelea kuzunguka katika damu na kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi. Sasa mtu huyohuyo ainuke, akusanye vyombo, avipeleke jikoni, kisha apande ngazi za ghorofa mbili. Msuli wa paja unapojikaza na kujiachia, mkazo wenyewe huamsha ishara nyingine isiyopitia kwenye insulini, na protini zilezile hupanda na kuanza kuingiza glukosi. Njia hii ya pili huendelea kufanya kazi hata kwa mtu ambaye ile ya kwanza imekwisha kudhoofika, jambo ambalo, kwa maoni yangu, linastahili kuelezwa kliniki kabla ya nasaha nyingine yoyote kuhusu mazoezi, kwa kuwa mgonjwa anayeelewa kwamba paja lake linaweza kuondoa sukari kwenye damu bila kuisubiri insulini atapanda ngazi kwa moyo tofauti na yule aliyeambiwa tu kwamba mazoezi ni mazuri.

Faida hiyo haikomi pale mtu anapokaa tena. Msuli uliofanya kazi umetumia hazina yake ya ndani ya glukosi na unahitaji kuijaza upya, kwa hiyo kwa muda wa saa 24 hadi 48 huwa mwepesi zaidi kuitikia insulini. Baada ya hapo hali hurudi ilivyokuwa. Kiini cha hoja yangu kimo hapa: mwendo hauwekwi akiba. Anayekimbia saa mbili siku ya Jumamosi amefanya jambo jema kwa moyo wake na mapafu yake, lakini kufikia Jumanne misuli yake imekwisha kuusahau mchezo huo kwa kiasi kikubwa, ilhali anayetembea nusu saa kila siku huiongezea muda kinga yake kabla haijaisha.

Ushahidi wa hayo unaonekana vizuri zaidi pale watafiti wanapofanya kinyume, yaani wanapomwondolea mtu mwendo aliouzoea. Nchini Denmark, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, vijana wa kiume 10 wenye afya njema, waliokuwa wakitembea takriban hatua 10,500 kwa siku, walitakiwa kupunguza hadi takriban hatua 1,300 kwa muda wa wiki mbili, wakitumia gari na lifti pale walipozoea miguu. Hawakupewa chakula kibaya wala kulazwa kitandani. Hata hivyo, wiki mbili zilipokwisha, uwezo wa miili yao kuitikia insulini ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 17. Kumi ni wachache, na hakuna mtu makini anayeweza kujenga sera juu ya watu 10 pekee. Lakini matokeo hayo yanatisha kwa sababu hatua 1,300 si jambo la maabara. Ndiyo siku ya kawaida ya mtu anayetoka kitandani hadi kwenye gari, kutoka kwenye gari hadi dawati, na jioni kutoka kwenye gari hadi kwenye kochi.

Wazo la kwamba kazi za kawaida za siku zinaweza kuwa kinga lina historia ndefu kuliko mitindo ya sasa ya kuhesabu hatua. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva aliketi zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi siku kutwa akikata tiketi. Wote walivaa sare ya mwajiri mmoja na kupita barabara zilezile, lakini makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva. Uchunguzi huo ulihusu moyo na haukugusa kisukari, na tena Morris mwenyewe hakuridhika na jibu jepesi: miaka mitatu baadaye yeye na wenzake walirudi na vipimo vya suruali za sare, vikionyesha kwamba madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, na tofauti hiyo ilionekana hata miongoni mwa waliokuwa wapya kazini. Huenda basi, kwa sehemu fulani, si kiti kilichowanenepesha bali wenye miili mikubwa ndio waliokwenda kwenye kiti. Naipenda simulizi hii kwa sababu inaonyesha mtafiti akiitilia shaka hoja yake mwenyewe, na pia inaeleza kwa nini kulinganisha tu wanaotembea na wasiotembea hakutoshi.

Kinachohitajika ni majaribio, na kwa bahati nzuri yamefanyika. La mwanzo kabisa kati ya yale makubwa lilianza mwaka 1986 katika mji wa Da Qing nchini China, ambako watu wazima 577 waliokuwa na mwili uliokwisha kushindwa kuimudu sukari vizuri, lakini bila kufikia kisukari kamili, waligawanywa katika makundi kulingana na kliniki walizohudhuria: kundi moja halikupewa programu maalumu, la pili lilirekebisha chakula, la tatu liliongeza mazoezi, na la nne lilifanya yote mawili. Baada ya miaka sita, takriban watu 68 katika kila 100 wa kundi lisilo na programu walikuwa wamepata kisukari, wakati katika kundi la mazoezi peke yake walikuwa takriban 41. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2019, miaka 30 baada ya kuanza, ulionyesha kwamba waliopitia programu hizo walichelewa kupata kisukari kwa takriban miaka minne ikilinganishwa na wenzao, na magonjwa ya moyo na vifo vilikuwa vichache zaidi miongoni mwao.

Majaribio yaliyofuata yalithibitisha mwelekeo huohuo, ingawa hayakuutenga mwendo na mambo mengine. Finland, mwaka 2001, watu 522; Marekani, mwaka 2002, watu 3,234; katika yote mawili waliobadili mtindo wa maisha walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Katika lile la Marekani, ambapo lengo lilikuwa dakika 150 za mwendo kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito, dawa ya kisukari iitwayo metformini ilipunguza uwezekano huo kwa asilimia 31 tu, na waliokuwa na umri wa miaka 60 na zaidi ndio walionufaika zaidi na mabadiliko ya maisha. Takwimu hii ya mwisho inapaswa kuwanyamazisha wale wanaodhani kwamba wazee wamekwisha kuchelewa.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu, maana watetezi wa mazoezi wana tabia ya kuchukua asilimia 58 na kuikabidhi yote kwa miguu. Sehemu kubwa ya mafanikio ya Marekani ilitokana na kupungua uzito, na uzito hupungua zaidi kwa kurekebisha chakula kuliko kwa kutembea. Kwa upande mwingine, nchini India, katika jaribio la watu 531 lililochapishwa mwaka 2006, mabadiliko ya maisha yalipunguza kisukari kwa takriban asilimia 28 ingawa uzito wa washiriki haukushuka. Nikiyaweka matokeo hayo kando ya yale ya kundi la mazoezi la Da Qing, naona ni halali kusema kwamba mwendo una faida yake yenyewe hata pale mizani inapokataa kusogea. Jambo hili lina uzito wa kipekee kwa mtu aliyetembea miezi mitatu, akajipima, akakuta kilo zilezile na kuamua kuacha. Alikuwa akisoma kifaa kisichopima kile alichokuwa akikipata.

Tukirudi kwenye marudio, swali linalofuata ni marudio ya namna gani ndani ya siku moja. Mwaka 2012 watafiti wa Australia waliwaketisha watu 19 wenye uzito uliozidi kwa saa tano baada ya kuwapa kinywaji chenye sukari na mafuta. Siku moja walikaa mfululizo. Siku nyingine waliinuka kila baada ya dakika 20 na kutembea dakika mbili. Kutembea huko polepole, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji ya kunywa chumba cha pili, kulipunguza ongezeko la sukari baada ya mlo kwa takriban asilimia 24. Mwaka uliofuata, watafiti wa Marekani waliwalinganisha wazee waliotembea dakika 45 kwa mkupuo mmoja asubuhi na walewale walipotembea dakika 15 baada ya kila mlo, na wakaona kwamba kutembea baada ya chakula cha jioni kulishusha sukari ya saa zilizofuata kuliko ule mkupuo wa asubuhi. Ukizingatia yanayotokea ndani ya msuli, hilo halishangazi: mwendo unafaa zaidi pale sukari inapokuwa njiani. Hata hivyo, chakula cha jioni ndicho mlo ambao watu wengi huumalizia kwenye kochi, na mara nyingi ndicho kikubwa kuliko vyote.

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, inakuwaje basi watu wanaofanya kazi za sulubu tangu alfajiri nao wapate kisukari. Jibu ni kwamba mwendo hupunguza uwezekano, haufuti. Urithi, umri, chakula, kitambi, tumbaku na usingizi mbovu vyote vina sauti, na hata katika Da Qing wale 41 kati ya 100 walifanya mazoezi na bado wakaugua. Ninalo pia angalizo kuhusu kazi za nyumbani. Ni kweli kwamba kufua kwa mikono, kupiga deki na kubeba ndoo ni mwendo halali, na misuli haijui kama inafagia au inacheza. Lakini kauli hiyo isigeuzwe kuwa kisingizio cha kumwachia mtu mmoja mzigo wote wa nyumba kwa kumwambia kwamba anafanya mazoezi. Ukiitazama kwa jicho la kisukari, anayepata hasara ni yule anayeletewa kila kitu alipoketi.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wastani maana yake ni kasi ambayo mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kujikokota barabarani huku ukisoma simu hakufikii hapo, ingawa bado ni bora kuliko kiti. Mwongozo wa mwaka 2010 ulikuwa ukihesabu tu vipindi vya angalau dakika 10 mfululizo. Ule wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo, na kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadiliko muhimu kuliko yote, kwa kuwa yaliziingiza rasmi katika hesabu ngazi za dakika moja na safari fupi za dukani. Ama zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali, zilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si na jaribio la kitabibu. Ni idadi nzuri kwa anayeiweza, lakini anayetoka hatua 2,000 hadi 5,000 hana sababu ya kujiona ameshindwa.

Tatizo ni kwamba hata ushauri huu mwepesi huchukulia kuwa mtu anaitawala siku yake. Shirika hilohilo lilikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango cha chini cha mwendo, na sidhani kwamba karibu theluthi ya watu wazima wote wamekuwa wavivu kwa pamoja. Majengo mengi huweka lifti mbele ya mlango mkuu na kuzificha ngazi nyuma ya mlango mzito, gizani, penye harufu ya vumbi. Barabara hupanuliwa kwa ajili ya magari na kuachwa bila njia ya miguu wala kivuko, kisha anayeishi kando yake anahimizwa atembee. Mwajiri anayetaka wafanyakazi wake wakae mbele ya kompyuta saa nane bila kuinuka, halafu akawaandalia mbio za hisani mara moja kwa mwaka, hajawapa kinga yoyote dhidi ya kisukari. Angewasaidia zaidi kwa kuruhusu vikao vifupi vifanyike watu wakiwa wamesimama na kwa kuwaachia dakika chache za kutembea baada ya chakula cha mchana. Kwa wapangaji wa miji, njia ya miguu yenye kivuli na taa inapaswa kuingizwa katika hesabu za kuzuia magonjwa, ingawa bajeti yake haipiti wizara ya afya.

Kwa wale ambao tayari wana kisukari, mwendo unaendelea kuwa sehemu ya matibabu, lakini unahitaji tahadhari ambazo mtu mzima wa afya hazihitaji. Anayetumia insulini, au vidonge vya kundi linalolisukuma kongosho kutoa insulini, anaweza kuona sukari yake ikishuka ghafla akiongeza mwendo bila kurekebisha dozi au chakula. Kutetemeka, jasho jembamba na kuchanganyikiwa ni dalili za kusimama na kula kitu chenye sukari papo hapo. Aliyepoteza hisia miguuni akague nyayo zake na viatu vyake kila siku, kwa kuwa lengelenge asilolisikia linaweza kugeuka kidonda. Maumivu ya kifua wakati wa kupanda ngazi ni sababu ya kumwona daktari kabla ya kupanda tena.

Na kwa wale ambao hawajapima, kuna jambo moja la kiufundi linalostahili kujulikana. Kipimo kinachofanywa asubuhi kabla ya kula hutangaza kisukari kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, lakini washiriki wa majaribio yote manne ya kuzuia kisukari niliyoyataja, ya China, Finland, Marekani na India, walitambuliwa kwa kipimo kingine: mtu hunywa gramu 75 za glukosi, na baada ya saa mbili damu yake hupimwa tena. Walioangukia kati ya milimoli 7.8 na 11.0 ndio waliothibitika kunufaika, na wengi wenye hali hiyo huwa na kipimo cha asubuhi kisicho na kasoro. Mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, mwenye kitambi, au mama aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito, ana sababu ya kuuliza kuhusu kipimo hicho cha saa mbili hata kama aliambiwa kwamba sukari yake ya asubuhi iko sawa.